Dawa ya Nguruwe na Heshima ya Mkwe

Nililelewa katika nyumba ya Wasabato, upande wa Nyaramba, ambako nguruwe alitajwa kanisani tu, tena kwa ubaya. Kisha nikampenda kijana Mkatoliki wa Marani aliyekuwa na meno mazuri na maneno mazuri zaidi, nikaolewa. Katika maneno yote hayo alisahau kuniambia kwamba mama yake anafuga nguruwe. Nilipofika nilimkuta, jike jeupe, kajinyoosha katikati ya ua akiota jua, na mama mkwe wangu kainama anamkuna tumbo. Mimi nilisalimiwa baadaye.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikaa nami muda wa kunionyesha kisima kilipo, akarudi Kericho kwenye kazi ya majani chai. Nikabaki na wazazi wake wawili na yule nguruwe, na kwa cheo mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Mama mkwe hakunipenda. Alisema mtoto wa Wasabato humtazama nguruwe kwa jicho baya, na sikuweza kumbishia, kwa sababu nilikuwa namtazama hivyo hivyo.

Halafu nguruwe akaugua. Alikataa ugali, akakataa maganda ya ndizi, akalala ubavu mwili umemchemka. Mgongoni yakamtoka madoa mekundu yenye pembe nne, safi kabisa, utadhani karani wa posta amempiga mihuri. Na alikuwa na mimba. Mama mkwe aliyatazama yale madoa, kisha akanitazama mimi.

"Akifa huyu," akasema, "utachukua kikapu chako urudi kwa watu wako wa Jumamosi."

Hakuwa anatania. Nami sikutaka kurudi. Nilikuwa nimewalilia wazazi wangu msimu mzima wanikubalie ndoa ile, na nilimpenda yule mjinga wa Kericho. Kurudishwa kwa sababu ya nguruwe, baba yangu angelihubiri jambo hilo mpaka azeeke.

Baba mkwe alikwenda mjini akamleta bwana mifugo, kijana wa kutoka mbali aliyefika kwa baiskeli akiongea Kiswahili cha kazini. Alimpima nguruwe, akasema ugonjwa huo anaujua, akatoa chupa ya penisilini na bomba la sindano. Aliposikia kwamba kabla ya kuolewa nilikuwa nachemsha sindano katika hospitali ya misheni, alifurahi sana, maana hakupenda kupanda mlima wetu mara ya pili.

"Sikia, mama," akaniambia. "Choma yeye kila siku mpaka hii dawa inaisha. Ata akianza kula, ata akicheka, choma tu. Ukiacha katikati, ugonjwa inarudi, na inakuja imezoea dawa. Usipime na macho, pima na hii mstari. Usipatie mbuzi, usipatie ng'ombe, usipatie mtu. Na nyama yake hakuna mtu anakula mpaka mwezi ingine iandame. Umeshika?"

Nilishika. Hakuuliza nani atamshika nguruwe.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mama mkwe alikuwa na goti bovu, na isitoshe alilia kwa sauti kuliko mgonjwa. Majirani wa upande mmoja walikuwa Wasabato, wasingemgusa nguruwe hata kwa fimbo. Wa upande wa pili walikuwa Wakatoliki wazuri wenye kupenda nyama ya nguruwe akiwa ameshakufa. Akabaki baba mkwe. Na kwetu Abagusii, baba mkwe na mkaza mwana wana ensoni kati yao, yaani heshima na haya zilizofungwa pamoja. Hawagusani, hawasongeleani, na mambo ya mwili hayatajwi. Nikimwona anakuja njiani, mimi huingia kwenye mahindi mpaka apite. Sasa tulitakiwa tuingie pamoja katika banda ambamo nguruwe mwenyewe aligeuka kwa shida.

Siku ya kwanza baba mkwe alishika masikio akageuza uso ukutani. Bwana mifugo alikuwa amesema nichome shingoni au pajani, lakini neno paja lisingetoka kinywani mwangu mbele ya mzee yule, hata nguruwe angekufa mara mbili. Nikachagua shingo. Kusema naye ana kwa ana kwa karibu vile kulitushinda wote wawili, kwa hiyo tulisema na nguruwe.

"Wewe nguruwe, tulia kidogo, mtu asiumie," nikasema.

"Nguruwe, umetulia vizuri," akajibu yeye. "Mwambie mwenye sindano afanye haraka."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ambayo kaptula ya baba mkwe ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa kwa ajili ya misa, naye akaja bandani amejifunga shuka. Nguruwe alikuwa ameanza kupata nguvu. Sindano ilipoingia aliruka, akapita kati ya miguu ya mzee, akatoka na shuka mpaka uani. Sitasema niliona nini. Nitasema tu kwamba nisingeweza kufumba macho, kwa sababu bado nilikuwa na sindano mkononi. Baba mkwe alitoka kinyumenyume, akaingia nyumbani kwake, na siku ile hakula.

Kesho yake nguruwe alikula. Madoa yalikuwa yamefifia. Baba mkwe, akiwa ndani na mlango umefungwa, alitangaza kwamba mgonjwa amepona na dawa iwekwe. Mama mkwe na majirani waliokuwa uani walikubaliana naye kwa furaha. Mimi niliitazama chupa, nikaona dawa bado imo, nikaingiwa na hofu kweli. Nilikwenda bandani peke yangu. Nguruwe alinibana ukutani mpaka nikaona nyota mchana, na siku hiyo ikapita bure.

Mzigo huu ukapata mtu wa kuuongezea uzito, naye ni baba mdogo, ndugu wa baba mkwe. Alikuwa mzee wa ukoo, mwenye tumbo la mtu asiyekosa kikao chochote chenye chakula. Alianza kwa kuja kwangu kwa upole kuomba dawa kidogo, akidai mgongo unamsumbua. Kilima kizima kiliujua mgongo huo. Ulimuuma kila alipotoka Kisumu, na haukuwa upande wa nyuma. Nikamwambia dawa ni ya nguruwe na haigawanywi. Aliondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata alirudi na wazee. Walikaa uani kwenye viti vyao vya miguu mitatu, na baba mdogo akaeleza kwamba ensoni imevunjwa, na lazima damu imwagike ili boma litakasike. Hilo ni kweli kwa mila yetu, na mnyama wa kazi hiyo ni mbuzi. Lakini yeye alisema mbuzi hana kosa. Aliyevua shuka ni nguruwe, basi achinjwe nguruwe, naye mkaza mwana asikanyage tena bandani, na akikanyaga arudishwe kwao kama mtu asiye na haya. Sijawahi kuona mila ikitungwa haraka namna ile kwa ajili ya mchuzi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko na sindano iliyotoka kuchemka. Nikiingia bandani, nafukuzwa kwa kukosa haya. Nisipoingia, ugonjwa unarudi, nguruwe anakufa na mimba yake, nafukuzwa kwa hilo. Nilikasirika. Nilitaka kumchoma baba mdogo mwenyewe, tena pajani.

Mama mkwe alinijia akichechemea. Kwa mara ya kwanza aliniuliza kitu kwa sauti ya mtu anayetaka jibu.

"Bado?"

"Bado, mama. Imebaki dawa ya leo. Tukiacha hapa, ugonjwa utarudi ukiwa umeshaizoea dawa, na hatutakuwa na kingine cha kumpa. Na nyama yake ina dawa, isiliwe."

Aligeuka akamtazama mumewe kule kwenye viti. Alimtazama hivyo mpaka wazee nao wakageuka kumtazama yeye.

Baba mkwe akasimama. Akaomba kamba. Akajifunga shuka kwa kamba hiyo, akaizungusha kiunoni, akapitisha katikati ya miguu, akazungusha tena, akakaza fundo kwa meno. Kisha akatembea mbele ya ndugu yake na ukoo wake mpaka bandani, akaingia, akamkalia nguruwe mgongoni.

"Mokamwana," akaita, yaani mke wa mwanangu. Hakupitia kwa nguruwe. "Njoo uchome."

Niliingia. Wazee wote waligeuza nyuso zao upande wa migomba, kwa adabu, isipokuwa baba mdogo ambaye aligeuza nusu. Nilipima kwa mstari, nikachoma nyuma ya sikio, nikasukuma mpaka bomba likabaki tupu. Nguruwe alipiga kelele, mama mkwe akapiga zaidi. Fundo lilishika.

Baba mkwe alitoka na matope mpaka kwenye nyusi.

"Mbuzi yuko pale," akamwambia ndugu yake. "Mchinje, takasa unachotaka kutakasa. Habari ya nguruwe muulize mwenye mali."

Baba mdogo akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe alinyoosha kidevu kuelekea kwangu, mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni mwa banda nikinuka.

"Muulize mokamwana wangu," akasema. "Nguruwe ni wake."

Baba mdogo hangeniuliza mimi kitu mbele ya wazee, hata kwa kufa. Nilimjibu hata hivyo.

"Bado," nikasema. "Mwezi mwingine haujaandama."