Shamba la Bondeni Lililoandikwa Wazi

Baba yangu ni afisa ardhi Kibondo. Siku kampuni ya kuingiza mafaili kwenye kompyuta ilipowasili kutoka Dar, alinuna kama jogoo aliyenyeshewa. Vijana wa ofisini walishangilia kuachana na vumbi la masjala. Wazee wakasema serikali imekodisha akili zake, na baba akawa jemadari wao.

"Si wameona hatufai? Kitu kikiharibika, wakaiulize kampuni."

Nyumbani nilikuwa namwiga, mama anacheka mpaka anashika mbavu.

Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa ofisini kwake nachaji simu, akaingia mjane kutoka Busunzu, ana mfuko wa mbegu. Huku kwetu nyumba na migomba viko kilimani, na kipande cha maharage ya kiangazi kiko bondeni. Kwenye faili la zamani vilikaa pamoja. Vijana wa kampuni, ambao bonde letu hawajalikanyaga, waliingiza cha kilimani tu. Cha bondeni kikasomeka wazi, hakina mwenyewe. Shemeji yake amepata habari, anakitaka.

"Bwana ardhi, kesho napanda. Kaapa atanifukuza na mbegu zangu."

"Mama, hilo ni la kampuni. Sisi siku hizi tunatazama tu."

Mama yule hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, mfuko mapajani, anamtazama baba. Nilikuwa na utani wangu tayari, ukagoma kutoka.

Baba akapiga simu kampuni, kaweka spika. Sijawahi kumsikia akibembeleza mtu.

"Naomba, mkuu wangu. Kipande kimoja tu."

Sauti ya kijana, labda anamzidi kaka yangu umri kidogo: "Mzee, tuma maombi kwenye mfumo."

"Anapanda kesho!"

"Mzee, mimi naingiza tu ninacholetewa."

Baba akakata simu. Akamgeukia mjane, "Kesho nakuja."

Nikang'ang'ania kwenda naye. Kesho yake tulimkuta shemeji bondeni, kaegemea jembe.

"Karibu, bwana ardhi. Karatasi iko wapi?"

"Bado."

"Sasa umekuja kama nani?"

Baba akanyoosha mkono kuelekea mpakani.

"Kama niliyelipima shamba hili. Marehemu kaka yako alishika kamba huku, wewe ukashika kule. Umesahau?"

"Kamba siyo kompyuta, mzee."

Hata hivyo hakunyanyua jembe. Alikwenda kukaa ukingoni. Baba akasimama katikati, viatu vya ofisi vinazama kwenye tope, na mjane akaanza kupanda. Nami nikamsaidia kudondosha mbegu. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Tulipofika mstari wa mwisho, shemeji akauliza taratibu, "Leo upo. Kesho je?"

Mjane hakuinua kichwa. Alikuwa anafukia kwa kisigino, harakaharaka, kama anayetaka maharage yaote kabla hatujaondoka.