Vileja Vilivyotwangwa Mara Mbili

Enzi zetu Idi haikusubiri mwezi uonekane. Sisi watoto wa Bagamoyo mjini tuliiona ikija kwa pua, siku ile uani kwetu ilipoanza kunukia iliki iliyotwangwa na samli ya moto. Hapo ulijua mfungo unakaribia kwisha, gauni jipya limeshashonwa, na mama yako hana muda wa kukusikiliza hata ukilia.

Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Baada ya sala ya Idi watu hawakukimbilia majumbani. Walikusanyika kwenye uwanja mbele ya msikiti, wakatandika majamvi, wakanywa chai ya tangawizi na kula vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele vinavyovunjika ukivitazama vibaya. Walikuja jamaa kutoka Makurunge, walikuja wengine kutoka Saadani, na wote walikula. Vileja hivyo havikutoka dukani. Kila nyumba ilitoa ilichonacho, mmoja unga, mmoja samli, mwingine kibaba cha sukari aliyoipangia foleni tangu Shaabani, na vyote vililetwa uani kwa bibi yangu, mama yake mama. Yeye ndiye aliyechanganya. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyempa kazi ile, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tuliokea makaa. Leo nikiwaeleza wanangu wananitazama kana kwamba nasimulia habari za Nabii Nuhu. Unaweka treya ndani ya sufuria pana lililo juu ya jiko, unafunika kwa bati, halafu unapalia, yaani unaweka makaa ya moto juu ya bati, ili joto litoke juu na chini. Moto ukizidi, umeunguza. Ukipungua, umekausha. Bibi alipima moto kwa kupitisha kiganja juu ya bati, akasema tu, "Ondoa mawili," nasi tukaondoa makaa mawili.

Sasa shida ya kupika mwezi wa Ramadhani mnaijua. Mpishi amefunga, wasaidizi wake wamefunga, nani aonje? Wapo waliosema mpishi anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Bibi hakutaka kusikia maneno hayo. Alisema hajafunga siku ishirini na saba ili aje abahatishe na swaumu yake kwa ajili ya kibiskuti. Kwa hiyo kazi ya kuonja alipewa mtoto asiyefunga, na kwa miaka miwili mtoto huyo nilikuwa mimi, Rukia. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka minane.

Ungedhani nilifurahi. Kula vileja mchana wa Ramadhani kwa amri ya mkubwa, mtoto gani hataki? Lakini nyumbani kwetu alikuwepo dada Hidaya, mtoto wa mama mkubwa, aliyenizidi mwaka mmoja tu na mwaka ule alikuwa anafunga siku zote. Kila nilipopewa cha kuonja alinipitia karibu na kuninong'oneza, "Kobe." Mnakumbuka lilivyokuwa linauma neno hilo. Kobe ni yule anayekula mchana watu wakiwa wamefunga, anaingiza kichwa ndani akidhani haonekani. Hidaya aliniita kobe chooni, kisimani, hadi chuoni mbele ya wenzangu tukiwa tumeshika misahafu.

Basi siku ya kuoka ilipofika nilikula daku na wakubwa, nikanuia kimoyomoyo, na sikumwambia mtu. Nilijua Bibi angenikataza. Asubuhi nilitumwa kuwaita wanawake wa mtaa, wakaja na mabeseni yao, na kazi ikaanza. Treya ya kwanza ilipotoka Bibi alinipa kileja kikiwa bado cha moto.

"Onja, mjukuu wangu."

Nikageukia ukutani, nikakitia mfukoni, nikatafuna hewa.

"Vipi?"

"Kitamu, Bibi."

Nilisema hivyo treya ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata. Hadi alasiri mfuko wa gauni langu ulikuwa umelowa samli na midomo imenikauka kama magome. Nilijiona walii. Bi Salama, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo, aliinua kileja kimoja akakitazama.

"Bibi Mkubwa, mbona vyeupe mwaka huu?"

"Moto ulikuwa mdogo," alijibu Bibi, na habari ikaishia hapo. Vikajazwa kwenye madebe, wanawake wakarudi kwao kupika futari.

Magharibi ilipoadhiniwa nilikaa jamvini na wenzangu kama mtu mzima. Nilifungua kwa tende, nikanywa maji, halafu nikatoa mfukoni kileja changu kimoja, zawadi niliyojiahidi tangu asubuhi. Nikauma.

Kilikuwa kama chaki iliyopakwa samli. Niliuma cha pili. Vilevile. Hakikuwa na sukari hata chembe.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifikiria uwanja wa msikiti, watu wote wale, na Bibi akiwa amekaa katikati yao na buibui lake jipya. Nikatambaa hadi alipokaa.

"Bibi, havina sukari."

Alichukua kimoja mkononi mwangu, akatafuna taratibu, kisha akaacha kutafuna.

"Si ulionja?"

"Sikuonja. Nilikuwa nimefunga."

Mama alininyooshea mkono, na ule mkono sikuhitaji kuelezwa ulikuwa unakuja kufanya nini. Bibi akauzuia. Akainuka, akaenda rafuni yalipokuwa makopo mawili ya maziwa ya unga, yaliyofanana kama mapacha. Moja lilikuwa la unga wa mchele na jingine la sukari ya kusaga. La unga lilikuwa tupu. La sukari lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Alikuwa ametia unga mara mbili, na sukari hakuitia kabisa. Alisimama nalo mkononi muda mrefu, akiligeuzageuza karibu kabisa na uso.

Aliporudi alikaa, akanivuta karibu.

"Swaumu yako Mwenyezi Mungu aipokee," alisema. "Lakini umeniambia kitamu, na wewe hujui. Hilo la kitamu ndilo tutakaloshughulika nalo kesho. Kesho hufungi. Utapita kila nyumba uliyopita leo, uwaite warudi, na uwaambie mwenyewe kwa nini."

Sijawahi kutembea mtaa mrefu kama ule asubuhi iliyofuata. Hodi, shikamoo, marahaba, halafu nikaeleza huku nikitazama vidole vya miguu. Nilitegemea kufokewa. Wapo waliofoka kweli, maana samli na unga havikuwa vitu vya kuchezea miaka ile. Lakini Bi Salama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, "Ulifunga mpaka magharibi?" Nikasema ndiyo. Akapiga kigelegele pale pale mlangoni. Kabla sijafika nyumba ya tatu, mtaa mzima ulishajua kwamba Rukia kafunga siku yake ya kwanza na kaharibu vileja vya Idi.

Wanawake walipokusanyika uani, Bibi aliagiza vinu viwili viletwe. Akashika debe la kwanza la vileja, akavimimina vyote kinuni. Nakumbuka mlio wake, kama changarawe.

"Twangeni," alisema.

Hakuna aliyeinua mchi. Mmoja wao, sitamtaja, akaanza kunisema kwamba mtoto wa siku hizi haaminiki, na mama yangu akainamisha kichwa. Bibi akamkatiza.

"Mwacheni mtoto. Yeye alidanganya siku moja. Mimi nimewadanganya tangu masika." Akainua viganja vyake. "Kopo sikuliona. Macho yangu yameingia ukungu. Nilijua nikisema mtaniondoa kwenye beseni."

Hidaya aliacha kunitazama. Nilimwona Bibi akisugua viganja vyake vilivyojaa unga, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona ni mzee.

Bi Salama ndiye aliyesogea kwanza. Alikunja mikono ya gauni, akaketi chini mbele ya beseni.

"Bibi Mkubwa, kaa hapa juu ya mkeka. Wewe sema, sisi tutatia. Mikono tunayo, kiasi hatukijui. Nani akuondoe, na tutapika nini?"

Bibi akacheka, machozi yanamtoka, akaanza kuamuru kabla hata hajakaa sawasawa. Vileja vikatwangwa hadi vikawa unga tena, vikatiwa sukari na samli nyingine kidogo, vikafinyangwa, vikarudi motoni. Nami nikaonja. Nilionja unga mbichi, nilionja treya ya kwanza, nikaonja kila treya mbele ya macho ya wanawake wote, na Bibi hakukubali neno "kitamu" peke yake. "Kitamu kiasi gani? Iliki inasikika? Kinakwama kooni?" Hidaya alinipitia kwa karibu. Nikajiandaa kulisikia lile neno. Badala yake akaninong'oneza, "Iliki bado," maana alikuwa anavinusa. Kweli ilikuwa bado.

Siku ya Idi vilitoka vya kahawia, vigumu kidogo, vikilia chini ya meno. Babu mmoja kutoka Saadani alikula vitano mfululizo akauliza, "Hivi mlivichoma na nini?"

"Na aibu ya watu wawili," alijibu Bibi, na wanawake wote walioketi naye wakaanguka kwa kicheko, wanaume wasijue kilichowachekesha.

Aliishi Idi nne nyingine. Kila mwaka alikaa mkekani akitaja kiasi, Bi Salama akitia, na alipofariki tulikuta kwamba wanawake wote wa mtaa wanavijua vipimo vyake kwa moyo, kwa kuwa walivisikia kwa sauti yake miaka minne.

Siku hizi Bagamoyo ina kila kitu. Binti yangu ana jiko la umeme lenye kioo na taa ndani, analiwekea dakika kisha anaenda zake kuchati. Wengine wanaagiza vileja Dar kwa simu, vinaletwa na bodaboda ndani ya maboksi yenye utepe, vinapigwa picha kumi kabla mtu hajala kimoja. Siwalaumu. Ni vizuri kweli, na havijawahi kukosa sukari. Uwanjani baada ya sala bado tunatandika majamvi, ingawa kila nyumba sasa inakaa na boksi lake.

Mwaka huu nilipewa kileja cha namna hiyo, kimechapwa ua na kibonyezo cha plastiki, sawa kabisa na wenzake wote. Nilikigeuza nikitafuta mahali pa kidole. Zamani tulibonyeza katikati kwa kidole gumba, kila mwanamke na chake. Cha Bi Salama kipana, cha mama chembamba, cha Bibi kikiegemea upande mmoja. Ulikuwa huwezi kula bila kujua nani amekupikia.