Nyumba ya Namba Saba

Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kumtoa mtu roho. Vyumba viwili vya matofali, jiko la nje, paa la bati, na mlango wa kijani kwa sababu kijani ndiyo rangi iliyobaki baada ya kupaka malori. Lakini nilikuwa nimeipita kila asubuhi kwa miaka miwili nikienda kazini, na nilishaamua kitanda kitakaa ukuta upi na mke wangu atapanda nini ubavuni. Kwa hiyo siku nilipoona mke wa mtu mwingine anatundika pazia kwenye dirisha lile, nilirudi chumbani nikalala bila kula.

Ilikuwa Mbeya, katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa fundi wa matairi kwenye karakana ya kampuni iliyopeleka mizigo Zambia. Kampuni ilikuwa na timu ya mpira, na kwa misimu mitano nilikuwa namba tatu, beki wa kushoto. Malipo yetu yalikuwa chai na mkate baada ya mazoezi, na mwisho wa mwaka jezi kuukuu ya kwenda kulimia. Nililala kwenye kota za mabachela, wanaume wanne chumba kimoja. Mke wangu alikuwa kwao Rungwe na mtoto wetu, kwa sababu baba mkwe alisema wazi kwamba binti yake hatalala chumba kimoja na wanaume watatu ambao si waume zake. Alikuwa na haki. Nilimwomba anipe muda.

Muda huo ulikuwa mikononi mwa mlezi wa timu, ambaye pia alikuwa afisa utumishi wa kampuni. Mtu mmoja aligawa namba uwanjani na nyumba kwenye kota. Mwezi wa sita aliniita ofisini akaniambia nyumba ya mlango wa kijani itakuwa wazi, na kwamba tukirudi kutoka Iringa tutaizungumza. Iringa tulikuwa tunakwenda kucheza mechi ya kirafiki. Nilitoka ofisini nikitembea kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa ufunguo.

Ijumaa, siku mbili kabla ya mechi, jeki iliteleza na rimu la lori likaniangukia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Mguu ukavimba kama kiazi. Mtu mwenye akili angekwenda kusema. Mimi nilijiuliza, nikibaki Mbeya nimelala, nani atazungumza na mlezi habari ya nyumba? Nikaukanda kwa maji ya moto na chumvi, nikaufunga kitambaa, nikavaa soksi mbili juu yake, na Jumamosi nikapanda nyuma ya lori na wenzangu nikiimba kuliko wote.

Namba saba wa Iringa, winga wa kulia, ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kumkaba. Alikuwa Mhehe mfupi mwenye matege na uso wa upole, mtu ambaye ungemkuta dukani usimkumbuke. Dakika ya tano akanipita. Nikasema bahati. Baada ya hapo kila mpira wao ukaja upande wangu, na kila ukija alinipita kwa nje, mguu wangu wa kushoto ukigoma kugeuka. Akafunga matatu. La tatu lilipoingia, mama mmoja muuza karanga pale pembeni aliuliza kwa sauti kama watu wa Mbeya wamesahau kumleta namba tatu wao. Uwanja mzima ukacheka.

Nilitegemea mlezi atanifokea. Hakunifokea. Tuliposimama Makambako kunywa chai, alikuwa bado anamzungumzia yule mtu, macho yanang'aa. Alisema beki bora mkoani kwetu ni huyu hapa, akinionyesha mimi kwa kikombe, na kama kuna mtu anaweza kumpita huyu mara tatu kwa siku moja, basi mtu huyo haachwi Iringa hata kwa kubebwa mgongoni. Kadiri alivyonisifu, ndivyo bei ya yule ilivyopanda. Mimi ndiye nilikuwa mzani, na mzani wenyewe ulikuwa mbovu. Ningeweza kusema palepale. Lakini kusema kulikuwa kukiri kwamba nimemdanganya, na nyumba ingekwenda kwa mkweli. Nikameza chai.

Habari ya nyumba haikuzungumzwa tena na mimi. Haukupita mwezi, kampuni ilituma lori tupu Iringa, na likarudi na namba saba, mke wake, watoto watatu, kitanda cha mbao, na kuku ndani ya tenga. Akapewa mlango wa kijani. Akapewa kazi ya msaidizi wa stoo, kazi ya kalamu, asiinue kitu kizito asije akaumia. Akapewa baiskeli mpya. Malori yaliyopita Ubaruku yaliagizwa yamletee mchele, na sisi tuliokula ugali tangu tuzaliwe tukawa tunasikia harufu ya wali kutoka kwenye jiko nililokuwa nimelichagulia mafiga.

Nilimwonea wivu. Sitafuti neno la adabu. Nilimwonea wivu kwa baiskeli, kwa mikono yake isiyo na grisi, na zaidi kwa moshi wa jikoni kwake jioni. Mke wake alikuwa mwanamke mchangamfu, akiniona napita anasalimia kwa Kihehe, "Kamwene, shemeji," nami naitikia huku nahesabu miche ya maharage aliyopanda ubavuni mwa nyumba, mahali palepale pangu. Nilisikia kwamba Wahehe wanapenda ulanzi, nikangoja alewe mchana kazini. Hakunywa hata pombe ya mahindi. Alikunywa chai, tena bila sukari nyingi.

Mazoezi ya kwanza tuliyokutana, mguu wangu umekwisha kupona, nilimnyang'anya mpira mara tano mfululizo. Siyo kwa nguvu. Alikuwa na ujanja mmoja tu, wa kutoka nje, na beki mwenye miguu miwili angeuzoea kabla jasho halijamtoka. Moyo wangu ulifurahi na kuungua kwa pamoja. Mlezi, akiwa pembeni, alisema mgeni amechoka na safari. Wiki iliyofuata akasema hajazoea hewa ya Mbeya, kana kwamba Iringa iko pwani.

Ligi ya mkoa ilipoanza, namba saba hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi, maana angekuwa mbaya kabisa ningepumzika. Alijituma, alirudi kukaba, alitoa pasi safi. Alikuwa mchezaji wa kawaida ndani ya nyumba isiyo ya kawaida. Chunya, kwenye vumbi jekundu, alifunga goli kwa mgongo baada ya mpira kumgonga akiwa amegeuka. Kyela hakuonekana. Wapinzani walijifunza ule ujanja wake mmoja kama nilivyojifunza mimi.

Mwanjelwa wakaanza maneno. Sokoni kulikuwa na mzee muuza viazi aliyejua mpira kuliko kamati nzima, na kila Jumatatu aliwauliza wateja ile nyumba imefunga magoli mangapi. Siku moja aliniambia mimi mwenyewe kwamba kampuni yetu imeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba aliyefunga mdomo wa gunia ni mimi.

Ubaya haukuishia hapo. Kipa wetu, aliyekuwa anadaka kwa chai na mkate bila kunung'unika, akaanza kuuliza nyumba yake iko wapi. Namba tisa akakataa kusafiri bila baiskeli. Na mimi, niliyejiona mwema kuliko wote kwa sababu siombi chochote, nilikuwa nikimwona namba saba yuko peke yake upande wa pili, hana mtu, ananyoosha mkono aombe mpira, nami naupiga nje. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Siku mlezi alipokuja kupima faida ya mtu yule, hakuna aliyeweka kwenye hesabu mipira niliyoipiga nje.

Ligi ilipokwisha tulikuwa katikati ya msimamo, palepale tulipokuwa kabla hajaja. Kamati ikaitisha kikao kuamua kama abaki au arudishwe Iringa, kwenye kituo kidogo cha kampuni, ambako hakukuwa na nyumba za wafanyakazi. Mlezi aliniambia nami nitaitwa kusema, kwa kuwa mimi ndiye mchezaji wa siku nyingi. Nilielewa akiondoka nani anafuata kwenye ile nyumba.

Mchana wa siku hiyo ya kikao, namba saba alikuja karakana anakokota baiskeli yenye pancha. Nikatoa tyubu nikaitumbukiza kwenye karai la maji. Alichuchumaa karibu yangu, akawa anatazama mapovu.

"Kaka," akasema, "siku ile Iringa ulikuwa unachechemea."

Niliendelea kuzungusha tyubu majini.

"Niliona soksi imejaa. Nikawaambia wenzangu wanileteage mpira upande wako tu. Na mzee mlezi alipokuja kunichukua, nikanyamaza. Kule nilikuwa nalala kwa shemeji yangu, watu tisa." Akafuta maji yaliyomrukia mkononi. "Mwaka mzima nimengoja useme. Kila ukipita pale nyumbani nasema leo. Kwa nini hukusema?"

Nikasugua tyubu kwa msasa. Nikapaka gundi. Nilitaka kumwambia kwamba ningesema ningekosa nyumba, lakini mwenye nyumba ndiye alikuwa ananiuliza. Nikabandika kiraka, nikamrudishia baiskeli. Alinishukuru akaondoka.

Kikao kilikuwa saa kumi. Walisema wengine kwanza. Mhasibu alisema mtu huyu ni ghali. Katibu alisema anajaza uwanja, na kwamba stoo haijapotelewa na hata spana moja tangu aingie. Mlezi alishikilia Iringa: magoli matatu, dhidi ya beki bora mkoani, ameyaona kwa macho yake. Ndipo nikainuka. Napenda kujisemea kwamba nilisukumwa na ukweli. Nilisukumwa na pazia lile.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "siku ile sikuwa na mguu. Rimu liliniangukia Ijumaa. Hata bibi yangu angenipita."

Hakuna aliyecheka. Mlezi akauliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akauliza kwa nini nilicheza, nikasema niliipenda timu. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Kabla jua halijazama, namba saba alikuwa amerudishwa Iringa.

Waliondoka Jumamosi. Mimi ndiye niliyekagua matairi ya lori lililowachukua, nikasaidia kupandisha kitanda na tenga la kuku. Namba saba alijua nilichosema kikaoni, kila mtu alijua. Nilidhani atanikwepa. Alikuja akanipa mkono kama watu waliomaliza mechi.

"Sina neno, kaka," akasema. "Mimi nimekaa. Wanangu wamelala ndani ya nyumba yenye mlango mwaka mzima."

Mke wake akashuka tena kutoka kwenye lori, akaniwekea ufunguo kiganjani. Aliamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba nyumba sasa ni yangu. Alisema, "Shemeji, maharage yamebakiza wiki mbili. Mwambie mwenzangu asiyaache yakakauka." Nikamwambia nitamwambia.

Lori lilipotokomea nilifungua mlango nikaingia. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Kitanda chao kilikuwa kimekaa ukuta uleule niliouchagua, alama za miguu yake zilionekana kwenye saruji. Nikasimama pale kama robo saa, nikafunga, nikapeleka ufunguo ofisini ili nikabidhiwe rasmi, kwa maandishi, mambo yasije yakawa na maneno baadaye.

Mlezi hakuniambia nikae.

"Weka hapo mezani," akasema. "Jumatatu anakuja namba tatu kutoka Njombe. Ana mke na watoto wawili."

Nikauliza namba tatu wa nini, namba tatu si mimi.

"Si wewe mwenyewe uliyetuambia tatizo siku ile lilikuwa namba tatu?" Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma ripoti. "Beki anayeingia uwanjani mgonjwa na hasemi, nitamwamini vipi? Huyu wa Njombe nimemwona mwenyewe. Winga hapiti."

Nilitaka kumwuliza kama aliukagua mguu wa huyo winga. Nikaweka ufunguo mezani.

Maharage aliyavuna mke wa namba tatu mpya. Mimi nilikaa benchi msimu mmoja, kisha nikaacha mpira nikabaki na matairi. Mke wangu alikaa kwao miaka miwili zaidi, hadi nilipojenga chumba cha udongo upande wa Mwanjelwa, na mtoto alipokuja aliniita mjomba kwa wiki nzima. Mke wangu aliniuliza ile nyumba ya kampuni ilikwenda wapi. Nilimwambia zilikuwa chache, wakapewa wachezaji kutoka nje. Habari ya mguu sijamwambia mpaka leo.

Nasikia siku hizi mtu ananunuliwa kwa fedha za kujengea hospitali, na watu wanabishana kama ana thamani hiyo. Mimi huwa sibishani. Namfikiria yule Mhehe mwenye matege, na ule mwaka wake mmoja, na bado namwonea wivu.