Maji Moto ya Mzee Opicho

Javan Kweyu ni mtu wa adabu, tena adabu iliyopitiliza. Tangu ahamie Kayole hajagombana na mtu, hata na mwenye nyumba wake, mzee Opicho, ambaye jamani anastahili kugombezwa kila asubuhi kabla ya chai.

Shawa ya stima ya bafuni mwao ilikuwa inarusha watu, ukiigusa unapigwa na umeme. Swichi yake iliungua, fundi wa Opicho akaunganisha waya moja kwa moja, akaenda zake. Javan akalalamika, kwa upole wake ule.

"Inatoa maji moto?" Opicho akauliza.

"Inatoa, mzee."

"Sasa imeharibika wapi? Nyinyi watu mnapenda vipya tu!"

Basi Javan akaifundisha familia yake kuoga upya: vaa patipati za mpira, shika mfereji wa kufungulia maji kwa kitambaa kikavu, bomba usiliguse. Wakazoea.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Bungoma kutibiwa macho. Kwa mila zao mama mkwe halali nyumbani mwa mkwewe, kwa hiyo Nekesa, mkewe Javan, alimlaza kwa jirani, akawa anamchemshia maji ya kuoga. Asubuhi moja Nekesa aliwahi sokoni. Javan aliporudi kutoka shifti ya usiku kiwandani, akakuta bafu limefungwa kwa ndani na patipati zimeachwa mlangoni. Akajua ni nani. Mama hakutaka kumsumbua mtu.

Hofu ikamshika. Lakini kwao mwanamume hasogei mahali mama mkwe anapooga, sembuse kumsemesha! Kuzima stima hawezi, sanduku la mita lina kufuli na ufunguo anao Opicho. Akakimbilia kwa jirani Nyawira, aje amsemee. Akagonga, kimya. Akagonga kwa Wangeci. Wapi! Loo, mtu mzima anazunguka kuazima mdomo na wake anao!

Aliporudi, maji yalikuwa yameanza kumwagika.

"Mama! Usishike hiyo—"

Akasikia ukelele, kisha kishindo.

Alivunja mlango, akarusha leso huku uso ameugeuzia ukutani. Mungu ni mkubwa, stima ilikuwa imemtupa mama kando na bado alikuwa anapumua. Mkono ulikuwa umevunjika, na kiganja kimeungua vibaya.

Hospitalini Nekesa aliketi katikati yao, ili mkwe na mkwe wasemezane kupitia kwake. Mama akampita bintiye, akamtazama Javan moja kwa moja.

"Mkwe, ulijua hiyo shawa inarusha watu?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

Javan aliona haya. "Tangu Nekesa akiwa na mimba ya Lorine."

Lorine sasa anasoma gredi ya pili. Mama akaupakata mkono wake uliofungwa.

"Na mnamwogesha humo?"