Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kazi, ndiyo maana hatukutambua mapema kwamba moyo wake umechoka. Tulikaa Kilangala, enzi za Mwingereza, yeye na mimi tu, kwani mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge na alikuja mara moja moja. Mama alianza kwa kupumzika katikati ya kutwanga. Baadaye akawa anapumzika hata kabla hajaushika mchi. Miguu ikavimba. Ikafika hali ya kulala ameegemea ukuta, maana akijinyoosha pumzi inamkata.

Shemeji zangu wakambeba kwa machela hadi hospitali ya Lindi. Nesi mmoja, mwanamke wa makamo, alimshika mkono kwa muda, halafu akanigeukia.

"Ameketi hapa tangu asubuhi, lakini moyo unakimbia kama wa mtu anayepanda mlima. Moyo wa mtu aliyetulia unatakiwa uende taratibu. Huu wa mama haupati mahali pa kupumzika."

Akampa vidonge, akamkataza chumvi na kazi nzito. Ng'onda wa Sudi, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kitoweo alichokipenda kuliko vyote, akakatazwa pia. Mimi nikaambiwa nimpime mapigo kila asubuhi kabla hajainuka. Nikiona moyo unazidi kwenda mbio nimrudishe.

"Hatuna saa," nikasema.

Akafikiri. "Wewe ni mzima? Basi vidole vya mkono mmoja viweke mkononi mwake, vya mwingine shingoni mwako. Linganisha."

Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Sikuwahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Siku za mwanzo niliingia chumbani nimeinamisha kichwa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama ukutani na kuninyooshea mkono. Tulipozoeana, akawa ananitazama. Vidonge vilimsaidia kiasi, lakini mapigo yake yaliendelea kuyaacha yangu nyuma.

Kazi zote zikawa zangu. Maji, kuni, kinu, palizi, na korosho zilipoanza kudondoka, kuokota korosho. Nilikuwa nikiketi kula, mkono unabaki umeshika tonge, sina nguvu ya kulifikisha kinywani.

Asubuhi moja nikampima, nikaona tunakwenda sawa. Nikarudia. Sawa.

"Mama, umepona!"

Akasogeza kanga, akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Huu ni mguu wa mtu aliyepona?"

"Lakini mioyo yetu inakwenda pamoja, mama."

"Basi wangu haukupunguza. Wako ndio ulioongeza." Akanitazama usoni. "Unasinzia jikoni. Jana umekimbia harufu ya samaki. Mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini, mwanangu?"

Nikahesabu miezi kwa vidole. Nilidhani yote yale ni kazi. Nikakaa chini kando ya kitanda chake nikalia, na sitasema kwamba kilikuwa kilio cha furaha. Nilichokiona mbele yangu ni ndoo na kinu, na safari hii nikiwa na tumbo. Mama hakuninyamazisha. Aliacha nilie mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Niletee ungo na ule mtama."

"Nesi amekataza kazi."

"Amekataza kinu. Ungo hakuutaja."

Toka siku hiyo alichambua nafaka na kumenya muhogo akiwa ameketi kitandani, polepole, akitua kila pumzi ilipomwishia. Mume wangu alipokuja, alimwita akamwambia mbele yangu, "Nyumba hii ina watu wawili ambao mioyo yao inakimbia wakiwa wameketi. Ukienda tena kwenye mkonge, siku ukirudi utakuta makaburi."

Akamaliza mkataba wake, akarudi nyumbani. Alichota maji yeye mwenyewe, wanaume wenzake wakimcheka njiani.

Nilijifungua mtoto wa kike. Mama alimpakata kila siku, ingawa mikono yake haikuweza kumshika kwa muda mrefu. Akafariki wakati wa mvua, mtoto akiwa bado anatambaa. Alikuwa ameegemea ukuta wake kama kawaida, na mimi nilikuwa nampelekea uji.

Siku ya arobaini watu walipotawanyika, niliingia ndani nikajilaza nikiwa na nguo zangu zote. Nililala mchana kutwa. Mume wangu aliwakataza watu wasiniamshe.