Kosa Alilolikuta Shangazi

Shangazi yangu analipwa kwa kukosoa. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimtambulisha kwa wageni. "Kwa wengine mawifi wanakosoa bure," alikuwa akisema, "huyu wangu kakosoa mpaka kapewa na mshahara." Shangazi naye hakubaki nyuma. "Ningelipwa kwa kila kosa la mchuzi wako, wifi, saa hizi ningekuwa na ghorofa." Wageni wanacheka, na wao wenyewe wanacheka kuliko wageni.

Siku hizi hawataniani. Mimi shule niliiacha mapema, nashinda nyumbani, kwa hiyo yote nimeyaona.

Shangazi ndiye kitinda mimba kwao, baba ndiye kaka yake mkubwa. Anakaa kwetu, chumba cha nyuma: kitanda, pasi, viatu vimepangwa ukutani, na kompyuta iliyopasuka kona. Ni mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango anatikisa kufuli, halafu anakutuma na wewe ukalitikise. Ukinuna anakuambia, "Si wewe nisiyekuamini. Ni kufuli."

Yeye na baba walikuwa ofisi moja. Ndiye baba aliyempeleka pale, akamfundisha kazi. Wanatengeneza programu inayosaka makosa ndani ya programu nyingine, wenyewe wanaiita dibaga. Mtu ambaye programu yake inamsumbua anaiweka humo, anachagua mahali, anasema: ikifika hapa isimame, nione kuna nini. Mahali hapo wanapaita kituo. Baba alikuwa anaandika dibaga yenyewe. Shangazi anaijaribu, anaitegea mitego aone kama itadanganya.

Niliwahi kumuuliza mtego wake ukoje. Alikuwa anapiga pasi, akaiegemeza pembeni.

"Kuna kipande kidogo cha programu," akasema. "Kimekaa kwake, kila anayekihitaji anakifuata. Sasa mashine ukiiamuru ikimbie, inaona kwenda na kurudi ni kupoteza muda. Inakinakili kile kipande na kukibandika ndani kwa kila aliyekuwa akikifuata. Pale kwake pa zamani panabaki patupu. Haya, wewe umeweka kituo kwenye kile kipande. Dibaga isimame wapi?"

Sikujua.

"Bibi yako aligawa sufuria zake kwa mabinti akiwa bado hai. Mtu akizitaka aende wapi?"

"Kwa mabinti wote."

"Umeona? Si kwa mmoja. Kwa wote." Akarudi kwenye pasi yake.

Baba ndiye aliyekuwa akiitwa mambo yakiwashinda wengine. Kisha akaanguka bafuni. Daktari akasema ni kiharusi, ila kidogo, mshukuruni Mungu. Mguu ukarudi, mdomo ukanyooka, na wageni waliokuja kumtazama waliondoka wakisema mbona mzima. Hawakumwona akitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena, akakoroga. Hawakumsikia akiniita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa.

Ofisini walimrudisha kwenye kiti chake. Lakini bosi alimwambia mbele za watu kwamba anaangaliwa. Likitokea kosa kubwa kutoka mkononi mwake, ataenda nyumbani. Baba hakutuambia. Shangazi ndiye aliyekuja na maneno hayo, akamwambia mama jikoni, na mama akakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa.

Basi shangazi akatega ule mtego wake. Aliandika programu ndogo yenye kipande kinachohitajiwa mahali patatu. Akaiamuru mashine ikimbie, ili kipande kibandikwe pote patatu. Akaweka kituo, akaandika kwamba anategemea dibaga isimame mara tatu. Ikasimama pale pa kwanza tu. Kwingine kote ikapita kama haina habari. Akaondoa amri ya kukimbia, akajaribu upya: ikasimama kila mahali. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye vile vipande vilivyobandikwa. Akaifungua dibaga ndani, akaona. Inatafuta nakala, inapata ya kwanza, inaridhika, haiulizi zingine. Zamani haikuwa hivyo. Na tangu zamani hizo, aliyegusa hapo alikuwa mtu mmoja.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akaileta kompyuta mezani. Mimi nilikuwa napangusa makombo.

"Kaka, hebu niangalizie hapa."

Baba akavuta kiti. Akasoma akiburuta kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, na nikaona uso wake unachangamka. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho tulikuwa tumeshakisahau.

"Imepata moja ikaacha kutafuta! Nani kaandika upuuzi huu?"

Shangazi alikuwa anakitazama kidole chake.

"Ni wale vijana wapya, eh? Mtu anatumwa kuita watoto watatu, anamwona wa kwanza anarudi zake nyumbani! Hakuna hata cha kufikiri hapa. Unaendelea kutafuta mpaka ziishe, basi."

"Sijui alikuwa anawaza nini," shangazi akasema.

"Hakuwa anawaza. Mtu kama huyu, dada, anarudishwa kwao mapema kabla hajaharibu kazi za watu. Andika ripoti. Usimwonee haya."

Mama alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Alimtazama shangazi na kutikisa kichwa polepole, kumkataza. Shangazi alimwona. Akageuka kwa baba.

"Kaka, uliandika wewe."

"Nini?"

"Hapo. Ni wewe uliyepaandika, ulipotoka hospitali."

Baba akarudi kwenye kioo. Kidole kikaanza tena juu, kikashuka, kikarudi juu. "Usinifanyie mzaha mimi."

"Sifanyi mzaha."

Hakugomba. Aliifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, juani.

Jikoni, shangazi alipokwisha kumweleza, mama alianza kwa upole. "Wifi, hiyo tatu unayoitegemea, si umeiandika wewe?"

"Mimi."

"Basi ifute uandike moja. Itakataa?"

"Haitakataa. Itatoa alama ya kijani, sawa kabisa."

"Sasa unatafuta nini?"

"Kuna mtu mahali, programu yake inaumiza watu, na yeye anahangaika kujua kwa nini. Ataweka kituo. Dibaga haitasimama. Atasema hapa haikupita, nikatafute kwingine. Kumbe ni hapo hapo."

"Huyo mtu mimi simjui," mama akasema. "Namjua baba wa wanangu."

"Na mimi namjua. Nimemjua kabla yako."

"Basi irekebishe mwenyewe unyamaze! Si unajua?"

Shangazi akaegemea sinki. "Nimekuwa nikirekebisha tangu alipotoka hospitali, wifi. Hii si ya kwanza. Hizo ni zile ninazoziona. Nisizoziona je?"

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka bure na hakuna aliyeyafunga. Kisha mama akasema, na upole ulikuwa umekwisha:

"Kwa hiyo unamchongea kaka yako."

"Ninamsema. Simchongei."

"Tofauti yake ni nini?"

Shangazi akageuka, akafunga bomba.

"Kakutoa kwenu, kakupa kazi, kakupa chumba. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Jumatatu shangazi alimwendea bosi. Najua alimtetea baba, kwa sababu baadaye mfanyakazi mwenzao alikuja kututembelea akatusimulia: alisema kaka yake bado ana akili ya kuona kosa la mwingine, wampe kazi ya kusoma tu, asiandike. Bosi akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na wiki hiyo hiyo baba akarudishwa nyumbani. Kwenye ule mtego dibaga sasa inasimama mara tatu. Shangazi aliirekebisha mwenyewe asubuhi moja kabla ya chai.

Tunaishi kwa mshahara wake. Mama anampakulia chakula, anamwekea mezani, anaondoka. Akitaka kumwambia kitu ananituma mimi, hata kama wote tumo chumba kimoja. "Mwambie shangazi yako sabuni imekwisha." Shangazi anasikia, anangoja nimwambie, ndipo anajibu.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni asubuhi. Kuna siku baba anaamka, ananyoa ndevu, anavaa shati na viatu, anakaa kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani. Shangazi akitokeza anamwambia, "Dada, twende, tutachelewa."

Inambidi amwambie upya. Kwamba uliachishwa kazi, kaka. Na baba kila mara anauliza, "Nani alinisema?"

"Mimi."

Mama amenituma mara nyingi nimwambie: mdanganye, mwambie leo ofisi imefungwa. Shangazi alinijibu, "Mwambie mama yako, na kesho je? Na keshokutwa?"

Siku nyingine baba anamtukana, na matusi yake ni mabaya. Siku nyingine anataka kujua ni kosa gani. Hapo shangazi anaweka mkoba chini na kumweleza lote, kipande, nakala zake, ile ya kwanza na zile zilizoachwa. Baba anasikiliza kwa makini sana. Shangazi akimaliza, baba anasema, "Hapo ulifanya sawa. Kosa kama hilo halifichwi." Siku za namna hiyo shangazi anatoka mbio bila kuaga, na mimi nafikiri ni afadhali zile za matusi.

Jana baba hakutukana wala hakuuliza kosa. Aliposikia "mimi," alimtazama kama mtu wa kuja.

"Hujawahi kunipenda wewe," akasema.

Shangazi alisimama pale, mkono kwenye kitasa. Jikoni kijiko cha mama kilikuwa kimenyamaza ndani ya sufuria.

"Nachelewa, kaka," akasema, akafungua mlango.