Laptop yangu ilivyogoma kwenye hotspot tatu Songea, siku ya mwisho ya kuomba chuo

Wakuu, heshima zenu.

Kisa hiki kilinipata mwenyewe hapa Songea, enzi zile ukibeba laptop mjini watu wanakugeukia. Sitatia chumvi, maana chenyewe kimekolea tayari.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye diploma, naomba nafasi ya kusomea shahada kwa mwaka wa tatu mfululizo. Safari hii maombi yalikuwa online tu, mwisho Jumatatu saa kumi jioni. Fomu nilishaijaza, ilibaki kutuma.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Namtumbo na zawadi.

Mnazijua nyumba zetu: TV ina kitambaa, redio ina kitambaa, makochi yamevishwa. Safari iliyopita aliiona laptop yangu iko uchi, ikamuuma. Sasa kaifumia gauni la uzi wa njano, mdomoni lastiki imebana kwelikweli.

"Baba, chombo cha thamani hakitembei hivihivi."

Nikapokea kwa mikono miwili. Mama mkwe hapingwi, wakuu.

Jumatatu saa saba mchana nikaenda hosteli moja karibu na soko. Jumamosi tu nilitumia wireless yao vizuri. Naivua laptop gauni, nawasha, natafuta: hakuna network hata moja.

Nikarestart. Nikafuta jina la mtandao nianze upya. Nikabonyeza Repair. Holaa! Nikaamua router yao imekufa, nikaivisha laptop, nikaondoka.

Hotspot ya pili ni mgahawa wa jirani na stendi. Pale password unapewa ukinunua soda. Nikanunua, hakuna network. Nikahama meza, nikazunguka na laptop mikononi kama nauza karanga. Jamaa pembeni yangu anasoma email kwa raha zake.

Nikanunua soda ya pili, nikidhani password ya kwanza imeisha muda. (Wataalamu msicheke, najua laptop haikuwa imeniomba password yoyote.)

Saa tisa na nusu niko hotspot ya tatu, hoteli ya njia ya Matogoro. Soda tena. Network hakuna.

Nikamlipukia dada wa kaunta: "Kama mmezima si mseme, mnatunywesha soda za nini?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mnaweza kusema nilikuwa na hasira, ila ukweli nilikuwa naogopa. Mke wangu alishawaomba akina mama wa jumuiya waniombee. Ningerudi na habari gani?

Dada akaja taratibu, anafuta mikono. "Shikamoo mwalimu. Hiyo taa mbona nyekundu?"

Akasukuma kiswichi kidogo ukingoni mwa laptop. Taa ikawa bluu, network zikajipanga. Nikatuma zikiwa zimebaki dakika nne.

Nikaivisha laptop, nikaivua tena nikiangalia. Lastiki ikanasa kiswichi, ikakirudisha off. Kumbe nilikuwa nimeizima mwenyewe tangu nilipoivisha nyumbani! Nikamwomba radhi dada, naye akacheka mpaka akatafuta kiti.

Chuo nilipata. Ila nani amwambie mama mkwe?

Nikakata pengo dogo pale lastiki inapopita kwenye kiswichi, nikanyamaza. Alipokuja tena akaliona. Asubuhi nikakuta pengo limezungushiwa ua jekundu, na pembeni kijigauni cha mouse.

"Baba, mke wako kanieleza. Si ungesema tu?"

Nilijisikia vibaya, wakuu. Dada wa watu aliyenihudumia nilimfokea mbele za watu, lakini aliyenipenda mpaka akanifumia nilishindwa kumwambia ukweli.

Kwa hiyo wireless ikigoma, angalia swichi kwanza kabla hujamgombeza mtu. Na mkweo akikupa zawadi inayokusumbua, mwambie kwa adabu, anaweza kushona.

Kijigauni cha mouse ninacho hadi leo. Nanyi mlishawahi kumlaumu mtu kwa kitu mlichokizima wenyewe? Semeni hapa, nisichekwe peke yangu.